Sheria ya Mkia

Kasulu Mjini,
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Kwa dada yangu Mwajabu, Kibondo.

Asalaam alaykum dada, na shikamoo juu yake. Najua ukiuona mwandiko wangu utataka kuruka salamu ukaitafute habari huko chini. Nakuomba usiruke. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokupa Mwanahawa inasaidia, au ni harufu tu? Na maharage mapya yameanza kuingia stoo? Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Ukungu wa asubuhi umerudi, baridi ya kuvaa sweta mbili, na cherehani yangu inakwenda vizuri baada ya kupumzika siku zile za safari. Miguu tu ndiyo haijanisamehe. Nashuka ngazi za duka kinyumenyume kama mtoto anayeshuka kitandani, na wateja wananicheka waziwazi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ninayo. Dada, nakupenda, lakini kwenye simu huwa hunipi nafasi. Juzi nilipokuomba unisikilize kidogo, ulinijibu kwamba umekwisha kusikia ya kutosha, ukakata. Barua unaweza kuichana, lakini huwezi kuikatiza. Nampa Ndayiragije, yule konda mpole wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi pamoja na kifurushi. Kifurushi usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua umeshakifungua. Haya.

Ulichosema nakikumbuka neno kwa neno. Kwamba Salumu apande basi la Alhamisi, arudi Kibondo, akae stoo apime maharage kama watoto wa wenzako, na mbio basi tena. Kwamba ulimpa nafasi moja tu, hizi mbio za Dar, na mtu aliyekuwa mbele akageuza mwenyewe kurudi nyuma hana akili ya kukimbia wala ya kutumwa sokoni. Ukasema ile video imefika mpaka huko, na wauza dagaa wanakuuliza kama mwanao alikuwa amesahau funguo. Niliumia dada, maana najua ulivyomtangaza soko zima. Salumu hajabisha. Begi amelifunga, liko nyuma ya mlango wa chumba cha nje. Anayebisha ni mimi, na yeye hajui kama nakuandikia.

Kwanza nikueleze klabu, maana naona hukuwahi kuielewa, na bila hiyo hutaelewa chochote. Tugende Joging Klabu si timu ya riadha. Ni watu waliochoka kunenepa. Kuna mimi, kuna mwenyekiti wetu Stanislaus ambaye ni muuguzi na hawezi kunyamaza, kuna Esteri anayeleta asali kutoka Kitanga, kuna walimu, kuna bodaboda. Kila Jumamosi alfajiri Stanislaus anaita mchakamchaka, sisi tunaitika chinja, tunateremka bondeni halafu tunapanda kile kilima cha barabara ya kwenda Muyama. Unakijua. Hata gari linakipanda likilalamika.

Sasa pale kilimani tuna sheria. Mwenye mbio akifika juu haruhusiwi kukaa akatucheka. Anageuza, anateremka mpaka kwa mtu wa mwisho kabisa, anazunguka nyuma yake, ndipo anapanda naye. Tunaita kumrudia mkia. Stanislaus anasema ndivyo walivyofanya bibi zake wakitoka porini na kuni: aliyefika nyumbani anatua mzigo wake, anarudi njiani kumpokea aliyebaki. Sijui kama ni kweli au katunga, lakini tumeizoea kiasi kwamba hakuna anayeikumbuka kama sheria. Mguu wenyewe unageuka. Na kwa kuwa Salumu ndiye mwenye mbio kuliko wote, mwanao amekipanda kile kilima mara mbili kila Jumamosi, mwaka mzima. Wewe ulidhani mbio zile amezipata kwa uji wangu.

Mkia wetu naye ni mtu mmoja, habadiliki. Ni yule mzee wa kofia. Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza kwenye picha huyu mzee wa nyuma aliyejifunika kofia mpaka puani ni nani, nikakujibu ni fundi baiskeli wa pale karibu na soko. Sikukudanganya, ni fundi baiskeli. Kifua chake kibovu, akipanda anakohoa, akikohoa anasimama, akimaliza anaendelea. Watu wameacha hata kumwita jina, wanamwita Mkia, na anaitika vizuri tu. Stanislaus alimpima akasema akikimbia polepole hatakufa, akilala ndani ndiyo atakufa.

Ukaja mwaliko wa Dar. Klabu moja ya Temeke ilituandikia twende tukakimbie nao nusu marathoni, watatulaza kwenye ukumbi wao, na wao siku moja waje kwetu kuona milima. Ndipo na kocha mmoja wa riadha wa huko alipopiga simu kwa Stanislaus, kwamba amesikia kuna kijana huku, na akimaliza miongoni mwa wa kwanza atamchukua kambini akafundishwe. Usingizi wa Salumu uliishia siku ile. Wangu pia. Nilimshonea bukta mbili, moja ya kukimbilia na moja ya kuvaa akishinda.

Siku ya safari basi liliposimama stendi ya Kibondo ulikuja na lile beseni lako, Mungu akuzidishie. Ulimlisha kila mtu, hata dereva. Ulimshika Salumu mashavu mbele za watu, akaona haya. Halafu ukapita siti hadi siti ukigawa chapati, ukafika nyuma kabisa ukamkuta yule mzee wa kofia amelala na uso kaufunika. Nilitaka kusema neno, ulimi ukakataa. Wewe ukasema tusimwamshe, safari ni ndefu, ukamwekea chapati mbili mapajani juu ya karatasi, ukashuka. Naomba uikumbuke hiyo, nitairudia.

Dar, dada! Sijui nianzie wapi. Mimi nina tabia yangu ya kutaka kujua kila kitu, na kule nilichoka kuuliza. Hewa ni nzito, unaivuta kama uji. Wenyeji wetu wa Temeke walitupokea kwa ngoma ya ndoo na wali wa nazi, wakatushangaa kwa kulala mapema na kujifunika mashuka mazito kwenye joto lile. Tulipewa namba za kubandika kifuani, na nyuma ya namba kuna kiplastiki kidogo. Kijana aliyezigawa aliniambia ukikanyaga zulia lililotandazwa barabarani, mashine inajua ni wewe umepita na saa yako. Nikamuuliza yule kijana mashine inanijuaje mimi, Mwanaheri, mke wa mtu, na hatujawahi kuonana. Akacheka mpaka akakaa chini, lakini hakunijibu. Nadhani na yeye hajui.

Asubuhi ya mbio tulikuwa watu kama nzige. Stanislaus alizunguka akitafuta kilima kiko wapi, akaambiwa hakuna, labda kale kamwinuko ka daraja. Alihuzunika. Sisi tumezoea kupumzika kwenye mteremko, sasa barabara isiyoteremka unapumzika wapi? Esteri alianza kwa kumwamkia kila anayempita. Mwakeye, mwakeye, mwakeye. Huko kwetu huwezi kumpita mtu kimya, na Dar nzima ilikuwa inampita. Pumzi zikaanza kumwishia kwa salamu. Nikamsihi aache, akasema basi atawainamia tu kichwa. Halafu akaona watu wanakunywa maji mafunda mawili na kutupa chupa nzima nzima. Dada, zile chupa kwa mtu wa asali ni mali. Alianza kuziokota moja moja, akazifunga kwenye khanga mgongoni, akakimbia nazo zikilia kwangalakwangala, na watu wa pembeni wakampigia makofi kuliko hata waliokuwa mbele.

Nilikuwa nyuma naye, pamoja na mzee wa kofia, maana mimi si mwenye mbio, najijua. Njia yenyewe inakwenda na kurudi barabara ileile, katikati kuna ukingo wa maua, kwa hiyo walio mbele wanaporudi wanaonana uso kwa uso na sisi tunaokwenda. Nilikuwa naitazama ng'ambo ile kwa hamu mpaka shingo ikauma. Wakatokea. Kwanza pikipiki, kisha watu wachache wembamba wasiogusa chini, na katikati yao Salumu! Bukta yangu ile ya kijani! Alikuwa hahemi, anakwenda kama anatumwa dukani. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Kilichobaki kwake kilikuwa kidogo tu. Kambi ilikuwa imeshafika mkononi.

Na saa ileile mzee wa kofia alikuwa amekaa chini kwenye ukingo. Kikohozi kimemshika, amejikunja, kofia imedondoka barabarani. Lile gari linalozoa waliochoka lilikuwa limesimama, vijana wanamshika kwapa wampandishe, naye anawakatalia kwa mkono kwa sababu sauti hana. Nilikuwa namshika mgongo. Nikainua macho, nikamwona Salumu ng'ambo anatutazama. Akapita. Nikashukuru Mungu kwamba amepita. Halafu nikaona mguu wake unafanya kile kitu unachofanya kilimani kila Jumamosi. Akageuza. Akaruka maua, akakanyaga lile zulia la mashine mahali asipotakiwa, akaja kwetu akipishana na umati wote unaomshangaa. Nilimpigia kelele arudi, nilimwambia hapa siyo Kasulu, nilimtaja kocha, nikakutaja na wewe. Kwa kweli wewe nilikutaja zaidi.

Alichofanya kwanza ni kuiokota ile kofia. Akaikung'uta, akamvisha mzee vizuri, mpaka kwenye nyusi. Ndipo akawaambia vijana wa gari waende tu, huyu ana mtu wake. Akamwinua, wakaanza kutembea, si kwenda kumalizia, bali kwenda kule kule tulikokuwa tunakwenda sisi, mpaka mwisho wa njia, halafu kurudi yote. Mimi na Esteri na chupa zake tulikuwa nyuma yao. Tulifika watu wanakunja mabango. Mashine ilimkataa Salumu, ikasema ameingia mara mbili kama mwizi. Kocha alishaondoka. Nilisikia alimuuliza Stanislaus kama kijana anaumwa, alipoelezwa akatikisa kichwa akaenda zake. Sikufichi, nafasi ile imekwenda. Kama utasikia mtu anakufariji kwamba itarudi, mimi sijaiona dalili.

Hiyo ndiyo video mliyoitazama. Sasa dada, kama umesimama, kaa. Yule mzee wa kofia ni Dadi.

Ndiyo, Dadi yuleyule. Mume wako wa zamani, baba yake Salumu, aliyeaga kwamba anakwenda Geita kuchimba na kwamba Idi itamkuta nyumbani. Zimepita Idi ngapi wewe ndiye unayejua, ulikuwa unamtengea sahani mpaka ulipokwenda kwa kadhi akakufungua kifungo cha ndoa. Mwaka jana aliingia dukani kwangu na koti lililochanika, akataka lishonwe mkono. Sikumjua. Vumbi la mashimoni limemkausha, utadhani kwa umri amekupita wewe mara mbili. Nilimjua aliposhukuru, kwa sauti. Nilimtukana dada, nikamtukana mpaka mteja akatoka. Nikamwambia hana uso katika nyumba yetu. Akakubali kila neno, akasema hakuja kudai uso, amesikia mwanawe yuko Kasulu, anataka kumwona tu kwa mbali, na akanisihi nisimwambie mtu. Jumamosi iliyofuata nikamkuta nyuma ya klabu, na makubazi ya tairi miguuni.

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nakuogopa, hilo la kwanza. La pili ni ile tabia yangu: nilitaka kuona atachoka lini. Mtu aliyewaacha mtoto ndiyo kwanza anaota meno ya ukubwani, nilijiambia, kilima kimoja kitamfukuza. Kila Jumamosi nilimtazama kama mtu anayetazama chungu kinachovuja. Hakuchoka. Na nilidhani Salumu hajui.

Wakati wa kurudi, basi liliposimama Singida tule, nilimvuta Salumu pembeni nikamuuliza kwa nini amejifanyia vile. Kwanza alinijibu kwamba sheria ni sheria. Nikamwambia asinifanye mjinga. Akatazama pembeni, ndipo akaniambia kwamba alimjua tangu Jumamosi ya kwanza. Mzee alikuwa anapiga mluzi kwa meno akipanda, mluzi uleule aliokuwa akipiga Kibondo akimtengenezea kile kibaiskeli cha matairi matatu. Mwaka mzima alikuwa anakishuka kile kilima si kwa sheria tu, bali kumpa nafasi ya kusema mwenyewe. Wakipanda pamoja anamsikiliza, na mzee anazungumzia minyororo na spoku. Nikamuuliza kama Dar alisema. Akaniambia alisema, baada ya kugeuza mwisho wa njia, alianza kujitaja na kuomba radhi huku anakohoa, na yeye Salumu akamwambia kwamba anajua, atunze pumzi, bado ni mbali.

Nikamkaripia. Nikamwambia baba yako huyo hakustahili hata hatua moja ya zile, umetupa kambi kwa ajili ya mtu aliyekutupa. Hapo dada alinitazama usoni, na macho yalikuwa yako. Akaniambia kwamba baba alitangulia akasahau kurudi, na yeye aliogopa kwamba akipita siku ile, atakuwa ameanza kujifunza hivyo hivyo. Nilikwenda kununua karanga nisizozitaka.

Sikuombi umsamehe Dadi. Yeye mwenyewe haombi, na mimi sijamsamehe yote. Nilipomwambia Salumu akupigie akusihi, alikataa, akasema umesema Alhamisi, na Alhamisi atapanda. Kinachomsumbua ni kimoja tu, Jumamosi nani atashuka kilimani. Nikamwambia mimi nitashuka. Alicheka dada, maana anajua mimi mwenyewe ni wa pili kutoka mwisho.

Zile chapati mbili ulizomwekea, Dadi hakuzigusa mpaka Kahama. Alikuwa macho muda wote, wewe ulipomwekea alikuwa macho. Alikula moja polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado unakanda kwa maji ya moto. Nikamwambia sijui. Ya pili alimpa Salumu, akisema yeye ameshiba.

Ninachokuomba ni kidogo. Basi la Alhamisi lisogee liwe la Jumapili. Jumapili ukisema aje, nitampandisha mwenyewe na begi lake, na maneno sina. Ila kama goti linaruhusu, Ijumaa panda wewe, ulale kwangu. Jumamosi asubuhi Stanislaus atakupeleka juu ya kilima kwa pikipiki, usimame pale umtazame mwanao akifika na kugeuza, uamue ukiwa umeona kwa macho yako, si kwa simu ya muuza dagaa. Wa mwisho atachukua muda. Lakini kama ukisubiri pale juu, safari hii atafika.

Nisalimie Mwanahawa na dawa yake, nisalimie majirani wote wa stoo, hata hao wa dagaa, waambie mwanao hakusahau funguo. Esteri anakusalimu na anakuahidi chupa ya asali, chupa yenyewe ni ya Dar. Ukimaliza kusoma nipigie. Safari hii ongea wewe, mimi nitanyamaza mpaka umalize. Mungu akupe afya na subira, na kama subira imebaki kidogo, tuazime na sisi huku.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaheri.

Kilichomo kwenye kifurushi ni medali ya Salumu. Mashine ilimkataa, lakini dada mmoja aliyekuwa anazigawa alisema yeye si mashine, akamvisha. Amesema ni yako. Usiitundike stoo, mavumbi ya maharage yataiharibu.